Maji yanajua njia ya ufa: historia ya migodi yetu kutoka Shinkolobwe mpaka Kipushi



Mu Likasi tukianza kuzungumza historia ya migodi, tunataja watu na kampuni. Union Minière, Jadot, Sengier, Gécamines. Tunahesabu tani za shaba na kobalti, tunakumbuka miaka ya camp safi, ya lait na unga wa bure, halafu tunafika ku miaka ya njaa. Hiyo historia ni ya kweli, siikatai. Lakini kuko mmoja tunamusahau, na yeye alikuwa ndani ya kila mgodi tangu siku ya kwanza. Ni maji.

Mimi nilisoma agronomia, si migodi. Katika masomo yetu tunafundishwa namna maji yanavyopita mu udongo: mchanga unapitisha haraka, udongo wa mfinyanzi unakataa. Lakini chini ya udongo kuko jiwe, na jiwe lina sheria zake. Nilipoanza kusoma juu ya sheria hizo, nikaona kwamba nusu ya historia ya Katanga imeandikwa pale. Juu ya nini mgodi fulani ulifungwa, juu ya nini mwingine ulizama, juu ya nini watu 89 walikufa usiku mmoja ng'ambo ya mpaka. Na pia juu ya nini tuna madini, kwa maana maji yenyewe ndiyo yaliyoyaleta.

Basi leo tuongee juu ya nyufa za mawe.

JIWE LINAPITISHA MAJI NAMNA GANI

Ukichukua kipande cha dolomiti cha hapa kwetu, kizima, kisicho na ufa, ukimwagia maji, hayapiti. Unaweza kungoja mpaka kesho. Lakini mlima mzima wa dolomiti ileile unatoa maji kama bomba. Tofauti ni nyufa. Kipande chako ni kidogo, hakina ufa. Mlima umepasuka mara elfu.

Upana wa ufa ndio unaoamua yote, na hesabu yake inashangaza. Ufa ukiongezeka upana mara mbili, maji yanayopita hayaongezeki mara mbili tu. Yanaongezeka mara nane. Ukiongezeka mara tatu, maji yanaongezeka mara 27. Kwa hiyo ufa mmoja wa milimita 2 unapitisha maji sawa na nyufa nane za milimita 1. Ndiyo maana mgodi unaweza kuchimbwa miaka kumi ukiwa mkavu, halafu siku moja mashini inagusa ufa mmoja tu na maisha ya watu wote wa chini yanabadilika.

Sasa, ufa hauko peke yake kule chini. Unabanwa. Mita moja ya mraba ya jiwe, ukiishuka kilometa moja, inabeba uzito wa karibu tani 2,600 za mawe ya juu yake. Tena kuko msukumo wa pembeni, unaotoka ku mwendo wa ardhi yenyewe. Huo msukumo wote tuuite mkazo. Fikiria mabati mawili umeyaweka moja juu ya lingine, halafu watu kumi wanapanda juu. Nafasi ya katikati inafungwa. Ndivyo mkazo unavyofunga nyufa zinazolala ukiukabili. Lakini ufa unaosimama sambamba na msukumo mkubwa haubanwi sana, unabaki wazi. Na ufa ambao pande zake zilikwisha kuteleza unabaki wazi pia, kwa sababu pande hizo hazikutani vizuri tena: bonde la upande huu halilingani na kilima cha upande ule, na maji yanapita katikati.

Kuko kitu kimoja zaidi, na ndicho cha muhimu katika historia nitakayoeleza. Maji yaliyo ndani ya ufa nayo yanasukuma. Yanausaidia ufa kusimama wazi dhidi ya uzito wa juu. Mhandisi mmoja wa Austria, Karl Terzaghi, aliieleza hesabu hiyo katika miaka ya 1920 kwa ajili ya udongo, na baadaye watu waliona inafaa pia ku mawe: kinachobana kwa kweli ni uzito wa juu ukiondoa msukumo wa maji. Ukitoa maji, ufa unabanwa zaidi. Ukirudisha maji kwa nguvu, ufa unafunguka, na hata mawe yanaweza kuteleza.

Shikeni hayo matatu: upana, mkazo, na msukumo wa maji. Sasa twende ku historia.

SHINKOLOBWE: UFA ULIOLETA MALI

Shinkolobwe iko karibu kilometa 20 upande wa magharibi wa mji wetu. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mawe ya Katanga yalisukumwa, yakakunjwa, yakavunjika. Ndani ya mivunjiko ile yalipita maji ya moto yenye chumvi nyingi, yamebeba metali. Pale maji yalipopoa au yalipokutana na mawe ya aina nyingine, metali zikabaki. Nyufa zikajaa. Ku Shinkolobwe zilijaa urani, kwa kiasi ambacho dunia haikuwa imekiona.

Kwa hiyo mshipa wa madini ni nini? Ni barabara ya zamani ya maji iliyoziba. Mtu anayetafuta madini mu Katanga anafuata nyayo za maji, hata kama hajui.

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp aliyafahamu mawe yale ya rangi rangi, na uchimbaji ukaanza mwaka 1921. Wakati ule urani yenyewe haikuwa na bei. Walitaka radiamu iliyo ndani yake, kwa ajili ya hospitali na kazi za sayansi. Mawe yalitoka hapa, yakaenda mpaka Oolen, Ubelgiji, ambako kiwanda kilitoa radiamu ya kwanza mwaka 1922. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mgodi ulisimamishwa, kwa kuwa akiba ilikuwa nyingi na soko dogo.

Hapa ndipo ule mmoja tunayemusahau aliingia. Pompi ziliposimama, maji yalirudi mu mashimo. Hakuna aliyeyaita. Yalitoka ku nyufa zilezile, majirani wa nyufa zilizoleta urani, maana mawe yaliyovunjika mara moja hayarudi kuwa mazima.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, aliagiza akiba ya mawe yaliyokwisha kuchimbwa, karibu tani 1,200, ipelekwe New York, ikawekwa ku Staten Island. Mwezi wa 9 mwaka 1942 jeshi la Marekani likaja kuinunua. Lakini Wamarekani walitaka zaidi, na zaidi ilikuwa chini ya maji. Ndipo walituma kikosi cha wahandisi wa jeshi kuja kusaidia kufungua mgodi tena. Kazi ya kwanza ilikuwa gani? Kutoa maji. Kabla ya wanafizikia wa Marekani kupata urani zaidi ya Shinkolobwe, ilibidi pompi zishindane na nyufa za hapa kwetu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka ku Hiroshima tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945 ilitoka hapa.

Mwaka 1960, uhuru ukikaribia, Wabelgiji waliufunga mgodi na kuziba mashimo yake kwa beto. Beto inaziba shimo la mtu. Haizibi nyufa. Maji yaliendelea na njia zake chini, na juu watu walirudi, safari hii kwa kobalti, na sururu ku mkono. Mwaka 2004 serikali ilitoa amri ya kufunga, halafu mwezi wa 7 wa mwaka uleule sehemu ya uchimbaji ikaanguka, na krezeri wasiopungua wanane wakafa. Watu wa Umoja wa Mataifa walikuja kuchunguza mahali pale mwisho wa mwaka. Jiwe lililochimbwa chini, likaachwa bila kushikwa, limebadilishiwa mkazo wake: uzito uliokuwa unabebwa na jiwe lote sasa unabebwa na nguzo chache. Nyufa mpya zinazaliwa, mvua inaingia ndani yake, na siku moja nguzo inachoka.

KIPUSHI: MAJI HAYAENDI ku KONJE

Tutoke Likasi, twende Kipushi, karibu kilometa 30 kutoka Lubumbashi, ku mpaka wa Zambia. Tunaenda mbali, lakini hatubadili jiwe. Mawe ya chokaa na dolomiti yanayouzunguka mgodi wa Kipushi, wanajiolojia wanayaita Kakontwe. Ndiyo, Kakontwe yetu. Jina la mahali pa hapa Likasi limekuwa jina la tabaka la mawe mu vitabu vya jiolojia vya Katanga na Zambia nzima. Na tabia ya tabaka hilo inajulikana: maji ya mvua yenye asidi kidogo yanayeyusha chokaa pande mbili za ufa, ufa unapanuka, na mnakumbuka hesabu, upana mara mbili ni maji mara nane. Kadiri miaka inavyopita, ufa unakuwa bomba, bomba linakuwa pango.

Mgodi wa Kipushi ulianza mwaka 1924, na jina la mtoto wa mfalme wa Ubelgiji, Prince Léopold. Madini yake yamelala kando ya mpasuko mkubwa wa ardhi, na mpasuko huo ndio uliokuwa mlango wa maji ya zamani yaliyoleta zinki na shaba. Kutoka 1924 mpaka 1993 ulitoa karibu tani milioni 60 za mawe, yenye zinki asilimia 11 na shaba karibu asilimia 7. Shimo la P5 linashuka zaidi ya mita 1,200.

Mwaka 1993 kazi ilisimama. Nchi ilikuwa imeanguka, Gécamines haikuwa na pesa za kigeni za kununua vipuri. Wafanyakazi wengi walienda ku konje ambayo haikuisha. Lakini kikundi kidogo kilibaki, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuendesha pompi. Miaka 18, mchana na usiku, mgodi usiotoa hata kilo moja ya zinki uliendelea kula umeme na vipuri ili usizame. Watu wengine waliuona upumbavu. Wale wa pompi walijua kwamba mgodi unaweza kulala, maji hayalali.

Mwaka 2011 pompi kubwa ya ngazi ya mita 1,200 iliharibika. Maji yakapanda. Yalifika mpaka mita 851 chini ya uso wa ardhi. Yaani karibu mita 350 za mgodi, na mashini zake na njia zake, zilimezwa. Mwezi wa 11 wa mwaka huo kampuni Ivanhoe iliingia kama mshirika wa Gécamines, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ileile ya Wamarekani ku Shinkolobwe miaka 70 mbele: kutoa maji. Mwisho wa mwaka 2013 ndipo walipoikomboa ngazi ya mita 1,150, na mwezi wa 4 mwaka 2014 wakafanya sherehe. Uzalishaji wenyewe ulirudi mwezi wa 6 mwaka 2024. Tangu 1993 mpaka 2024 ni miaka 31. Mtoto aliyezaliwa siku ya kufunga alikuwa amekwisha kuoa.

Linganisheni sasa. Pompi kuharibika ni jambo la muda mfupi. Kuyarudisha maji mahali pake kulichukua zaidi ya miaka miwili na pesa nyingi. Ndiyo sababu nasema gharama ya pompi si gharama ya mgodi unaofanya kazi tu. Ni kodi unayolipa kwa jiwe kila siku, uchimbe usichimbe.

Ng'ambo ya mpaka, karibu na Kasumbalesa, kuko Konkola ku Chililabombwe. Ule ni mmoja wa migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani. Wanatoa karibu mita za ujazo 300,000 kwa siku. Tugeuze kwa kipimo cha mama zetu: ni bidoni milioni 15 za lita 20, kila siku ya Mungu.

MUFULIRA 1970: MTU ANAPOFANYA UFA

Mpaka hapa nimeongea kama vile nyufa zote ni za zamani, na mtu anazikuta. Lakini mtu naye anazitengeneza. Hadithi chungu kuliko zote ya Copperbelt inaonyesha hivyo.

Mufulira iko Zambia, si mbali na mpaka wetu. Njia ya kuchimba iliyotumiwa pale ilikuwa ya kutoa madini chini na kuacha mawe ya juu yaanguke yenyewe kujaza nafasi. Ni njia ya bei nafuu na inatumiwa mahali pengi. Lakini fikiria mkazo: umeondoa kilichokuwa kinabeba, mawe ya juu yanashuka, yanapasuka, na kupasuka kule kunapanda ngazi kwa ngazi mpaka kunafika juu ya ardhi. Umefungua njia kutoka juu mpaka chini.

Na juu ya ardhi pale, kiwanda kilikuwa kinamwaga mabaki yake, matope laini ya mawe yaliyosagwa, yenye maji ndani. Miaka ilipita, matope yakaongezeka. Ardhi ilikuwa inashuka chini yake.

Usiku wa tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 1970, wakati zamu ya usiku ilikuwa kazini, matope yalipata njia. Yalishuka ndani ya mgodi kama mto. Wachimbaji 89 walikufa.

Ninaomba tufikiri vizuri hapa. Matope yale hayakuwa siri, yalionekana na kila mtu aliyepita barabarani. Kupasuka kwa mawe hakukuwa siri pia, ndiyo ilikuwa njia yenyewe ya kuchimba. Kila kitu kwa upande wake kilikuwa na maelezo yake mu karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuviweka viwili pamoja na kuuliza: ufa ukifika juu, utakuta nini pale?

KIABUKWA: MAJI YANAYOPANDA

Nisiwape huzuni tupu. Kuko mahali Katanga ilipotumia sheria hizi kwa faida, na wachache wanajua.

Kaskazini, upande wa bonde la Upemba, ardhi inavutwa. Ni mkono wa bonde kubwa la ufa la Afrika Mashariki. Mahali ambapo ardhi inavutwa badala ya kusukumwa, mkazo wa pembeni unalegea, na nyufa zinazosimama wima zinabaki wazi mpaka chini sana. Maji ya mvua yanashuka, yanapata moto, yanapanda tena ku mpasuko mwingine. Ku Kiabukwa yalikuwa yanatoka yakiwa na joto la digri 91. Mwaka 1952 waliweka pale kiwanda kidogo cha umeme, kilowati 220 hivi, kwa ajili ya kazi za migodi. Kilikuwa kiwanda cha kwanza cha umeme wa joto la ardhi mu Afrika yote. Tulianza sisi, Katanga, mbele ya Kenya na Olkaria yake, ambayo umeme wake ulianza mwaka 1981. Kiwanda chetu kilifanya kazi miaka michache tu. Maji ya moto hayakwenda popote.

NA MAFUTA?

Wengine watauliza: hayo ni maji, mafuta ya petroli je? Ni sheria ileile, inabadilika kinachopita tu.

Angalieni Ziwa Albert, ambalo Congo na Uganda tunagawana. Lina mipasuko mikubwa kila upande. Mafuta yanazaliwa chini, yanapanda kwa kufuata mipasuko, na mahali pengine yanafika mpaka juu. Wenyeji wa mwambao waliyajua zamani. Mwaka 1925 mwanajiolojia E. J. Wayland alichapisha kitabu juu ya dalili hizo za mafuta ku Uganda. Mwaka 1938 walichimba kisima ku Butiaba. Ilibidi kungoja mpaka 2006 kupata mafuta ya kutosha biashara. Mpasuko uleule unaweza kuwa mlango au ukuta: ukijaa udongo wa mfinyanzi unayazuia mafuta yasikimbie, ukiteleza na kuvunja mawe unayaacha yapande. Kazi ya mtu wa mafuta ni kujua ni upi.

Na ukishayapata, unakutana na ile hesabu ya Terzaghi. Norway, mu bahari ya Kaskazini, wana mafuta ya Ekofisk. Yako ndani ya chokaa laini yenye nyufa nyingi, na nyufa ndizo zinazoyaleta ku kisima. Walianza kuyatoa mwaka 1971. Walipoyatoa, msukumo uliokuwa unasaidia kubeba uzito wa juu ulipungua, na jiwe likaanza kubanwa. Mwaka 1984 waligundua kwamba sakafu ya bahari imeshuka mita kadhaa, na majukwaa yao nayo. Mwaka 1987 ilibidi kuyainua majukwaa mita 6. Tangu hapo wanasukuma maji mengi ndani kuchukua nafasi ya mafuta. Jiwe la Norway na jiwe la Kipushi hayajawahi kuonana, lakini yanaitika sheria moja.

SASA SISI TUFANYE NINI NA HII HISTORIA

Vijana wa Likasi tumezungukwa na mashimo. Mengine ni ya zamani, yamejaa maji ya kijani, watoto wanaogelea. Mengine ni mapya, yanashuka kila mwezi. Kila shimo linaloshuka chini ya kiwango cha maji lazima litoe maji, na likitoa, maji ya pembeni yanakimbilia kwake kwa njia ya nyufa. Kwa hiyo kisima cha kijiji jirani kinaweza kukauka bila mvua kupungua. Mimi kama mtu wa mashamba naona hapo hatari kubwa: mkulima anailaumu mvua, anahama bustani, anabadili mbegu, na kumbe kiwango cha maji kimeshushwa na pompi iliyoko kilometa chache, kwa kufuata ufa ambao hakuna aliyemwonyesha. Kinyume chake pia ni kweli. Shimo likifungwa na pompi zikisimama, maji yanarudi, yakiwa yamepita mu mawe yaliyochimbwa, na yanaweza kubeba metali mpaka ku kisima kilekile.

Kwa udongo wa mchanga tungeweza kukisia: mbali na shimo ni salama, karibu ni hatari. Kwa jiwe lenye nyufa ukisio huo unadanganya. Kisima cha mita 200 kinaweza kubaki kizima kwa sababu hakiko ku ufa, na kile cha kilometa 2 kikakauka kwa sababu kiko. Mtu anayekwambia "uko mbali, usiogope" bila kukuonyesha ramani ya mipasuko hajakwambia kitu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote tunaweza kuyaanza bila kungoja wakubwa.

Moja, kupima. Kamba, jiwe dogo mwishoni, na daftari. Kila mwisho wa mwezi unapima maji ya kisima cha kwenu yako mita ngapi chini, unaandika tarehe. Daftari la miaka mitatu lina nguvu kuliko malalamiko ya miaka kumi, kwa sababu linaonyesha kama maji yanafuata majira ya mvua au yanafuata pompi ya mtu.

Mbili, kuuliza swali la Mufulira. Kila mara mradi unapoletwa, wa shimo, wa bwawa la mabaki, wa foraji, tuulize: juu kuko nini, chini kuko nini, na ufa uko wapi katikati? Ukiona wataalamu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, hawajakaa meza moja, omba wakae.

Tatu, wazee wa pompi. Mu Panda, mu Kikula, mu Shituru, bado kuko wababa waliofanya kazi ya kutoa maji wakati wa Union Minière na Gécamines. Historia imeandika majina ya wakurugenzi, wao haikuwaandika. Wanajua ngazi gani ilikuwa inatoa maji mengi baada ya mvua, ukuta gani ulikuwa unalia, shimo gani liliunganishwa na lingine chini kwa chini. Baadhi ya ramani zimepotea, na sehemu ya ramani hizo sasa iko mu vichwa vyao tu. Wanapungua kila mwaka.

Mwenye babu au mjomba aliyefanya kazi hiyo, aende kumukalia jioni moja na daftari. Aanze na swali jepesi: baba, maji yalikuwa yanatoka upande gani?